Mama ana presha: masaji, sauna na bahari vitamdhuru?

"Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 64, anaishi Dodoma. Ana presha kwa miaka tisa na sukari kwa miaka minne. Anatumia amlodipini miligramu 10, haidroklorothiazidi, ile ya kukojoa, pamoja na metformini ya sukari. Kliniki ya mwezi uliopita presha ilikuwa 148 kwa 86. Sisi watoto tumechanga tumpeleke Zanzibar mwezi Desemba, siku moja nzima kwenye hoteli ya ufukweni Paje. Asubuhi sauna, kile chumba cha mbao chenye joto kali, na chumba cha mvuke, kisha masaji ya mawe ya moto ya saa moja na nusu, chakula cha mchana, halafu bahari na jakuzi, lile bwawa dogo la maji ya moto, mpaka jioni. Mama hajawahi kupata siku ya kupumzika tangu tumfahamu. Sasa jirani yake anasema mtu wa presha akikandwa mishipa inapasuka. Shangazi anasema maji ya bahari yana chumvi, yatampandisha presha. Kaka yangu anataka siku hiyo asimeze ile ya kukojoa ili asipate taabu kwenye boti. Na hoteli wenyewe wameandika kwamba sauna inatoa sumu mwilini na kushusha presha. Mama ana hamu kweli, ila ameanza kuogopa. Hana tatizo jingine, isipokuwa ganzi kidogo ya nyayo usiku. Tumpeleke au tuahirishe?"

Marahaba, dada. Mpelekeni. Ila msiifuate ratiba hiyo ya hoteli, maana imepangwa kwa kijana mwenye afya aliyekimbia baridi ya Ulaya. Mama wa miaka 64 mwenye dawa mbili za presha hakufikiriwa humo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ndugu na majirani wote wamekusanyika upande mmoja: wanaogopa presha itapanda. Mimi siku hiyo naogopa zaidi itashuka. Na kuna sentensi moja umeiweka mwishoni kabisa, kana kwamba haina uzito, ile ya ganzi ya nyayo. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kukujibu kwa urefu.

Tuanze na jirani. Mshipa unaopasuka kwa mgonjwa wa presha na kumletea kiharusi uko ndani ya fuvu, na mkono wa mkandaji haufiki huko. Unapasuka kwa sababu umepigwa na presha kubwa miaka na miaka bila matibabu ya kueleweka. Kukandwa bega hakuuongezei kitu. Ukweli ni kwamba mtu akikandwa taratibu mwili hutulia, mapigo ya moyo hupungua, na presha inaweza kuteremka kidogo kwa muda. Ile 148 kwa 86 haijanifurahisha, kwa mtu mwenye sukari tungependa iwe chini zaidi, lakini haimzuii mtu kulala kwenye kitanda cha masaji.

Masaji ina masharti yake hata hivyo. Mama atatoka Dodoma mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, iwe kwa basi au kwa treni ya SGR, halafu apande boti. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Donge hilo likikandwa linaweza kung'oka na kupanda hadi mapafuni, na hapo ndipo masaji inapogeuka hatari ya kweli. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu huchanganya: amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, hasa kwa kipimo hicho cha miligramu 10. Uvimbe wa dawa kwa kawaida huwa wa miguu yote miwili, hauumi, na asubuhi hupungua. Uvimbe wa donge mara nyingi ni wa mguu mmoja, kigimbi kinauma, ngozi ina joto. Ukiona huo wa pili, mama asiguswe mguu na mtu yeyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mkandaji aambiwe mapema kwamba mama ana presha na sukari. Asimvunje shingo ile ya kugeuza kichwa kwa ghafla hadi ilie "ko!", mtindo ambao baadhi ya vijana wa ufukweni wanaupenda sana na mimi siupendi kwa mtu yeyote wa umri wowote. Akimaliza, mama asiinuke mara moja. Ageuke ubavu, akae ukingoni mwa kitanda dakika kadhaa, anywe maji, ndipo asimame. Na kama anaona haya kuvua nguo mbele ya mgeni, ana haki ya kuomba mkandaji mwanamke, abaki na khanga yake, au akandwe mabega na mikono akiwa amekaa tu.

Shangazi naye. Ni kweli bahari ina chumvi nyingi, gramu 35 hivi kwa kila lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Lakini ngozi si chujio linalopitisha chumvi hiyo kwenda kwenye damu. Chumvi inayopandisha presha hupitia mdomoni. Mama akimeza funda moja kwa bahati mbaya hakuna litakaloharibika. Chumvi ya kumwogopesha iko mezani wakati wa chakula cha mchana: chipsi, achari, samaki aliyekolezwa, supu zilizoongezwa vile vidonge vya kiungo. Huko ndiko shangazi asimame mlangoni.

Sasa tuje kwenye joto.

Mwili una njia kuu mbili za kujipoza. Kwanza unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, na ili damu ifike huko mishipa midogo ya ngozi hufunguka. Pili unatoa jasho, na jasho linapokauka ndipo linapoondoka na joto. Njia ya kwanza ina gharama: mishipa ikifunguka sehemu nyingi kwa pamoja, presha huteremka, na moyo hulazimika kwenda mbio ili damu iendelee kufika kichwani. Kijana analimudu hilo. Sasa mtazame mama: amlodipini kazi yake ni hiyo hiyo ya kufungua mishipa, imeshaianza tangu asubuhi. Dawa ya kukojoa imeshampunguzia maji na chumvi. Ukimwongezea sauna juu yake, kisha mawe ya moto, kisha jua la saa nane mchana, kisha jakuzi, kila kimoja kinavuta presha upande ule ule. Hali hiyo haijitangazi akiwa amekaa. Inajitokeza anaposimama: macho yanaingia giza, magoti yanalegea, na chini kuna vigae vyenye maji. Nyonga iliyovunjika kwa mama wa umri huo ni habari ndefu kuliko presha ya 148.

Njia ya pili, ya jasho, nayo itamwangusha kwa sababu ya mahali. Dodoma kuna joto, lakini hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Mama anaamini analijua joto, na kweli analijua, ila la kwao. Desemba Pwani ni msimu wa kaskazi, hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka na halipozi chochote. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea hali hiyo, nanyi mnampa siku moja. Chumba cha mvuke ni hali hiyo hiyo iliyozidishwa: nyuzi 40 hadi 45 na hewa isiyoweza kupokea hata tone moja zaidi la unyevu. Ndiyo maana chumba cha mvuke nakifuta kabisa kwenye ratiba ya mama, ingawa kipimajoto cha sauna ndicho kinachosoma juu zaidi, 70 mpaka 90.

Hoteli hawakusema uongo mtupu kuhusu sauna. Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 2,300 wa umri wa makamo kwa takriban miaka 20, na waliokuwa wakiingia sauna mara nyingi kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja. Ni jambo la kuvutia. Lakini hao ni watu walioanza sauna utotoni, katika nchi ya barafu, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kabisa sauna yenyewe na afya iliyomwezesha mtu kuingia humo mara nne kwa wiki. Hauhusu mwanamke wa Dodoma anayeingia kwa mara ya kwanza akiwa na dawa mbili tumboni. Presha inayoshuka ndani ya sauna hupanda tena baada ya muda, kwa hiyo asije akaambiwa apunguze vidonge kwa ajili ya hilo.

Na habari ya kutoa sumu, achaneni nayo. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na vitu vingine vidogo vidogo visivyofikia kiwango cha kuitwa usafi wa mwili. Kazi ya kuondoa sumu inafanywa na ini na figo, na figo za mtu mwenye presha na sukari zinachotaka ni maji ya kutosha. Kumkausha kwa jasho ni kuzionea.

Nikisema mama asiingie sauna kabisa najua atasikitika, maana huenda ndicho kitu alichowasimulia wenzake. Akitaka aone ikoje, haya: aingie na mmoja wenu, akae benchi la chini ambako joto ni dogo, dakika tano, mguu mmoja tayari kutoka. Asiende baada ya kula, asiingie kama presha ya asubuhi haikupimwa, na akitoka asijitupe kwenye lile dimbwi la maji baridi. Baridi ya ghafla hukaza mishipa yote kwa mkupuo na presha hurukia juu. Hapo ndipo hofu ya jirani yake ingekuwa na mashiko. Jakuzi nayo hukaa kwenye nyuzi 38 hadi 40. Kwa mama, kutia miguu humo ni hapana, sababu nitakupa hivi punde, na kuzama mwili mzima ni hapana pia. Bwawa la kawaida linamtosha. Wala msidhani mambo ya kuoga kwa mvuke ni mageni kwetu: Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote pale Hamamni, Mji Mkongwe. Siku hizi hakuna moto unaowashwa humo, watu huenda kutazama tu, kwa hiyo mama anaweza kuingia hamamu ile bila kibali changu.

Kaka yako ana nia njema, ila dawa isiachwe. Boti za mwendo kasi za Dar es Salaam kwenda Unguja huchukua kama saa mbili na zina choo. Kidonge cha kukojoa kinaanza kazi ndani ya saa mbili na hufika kileleni kama saa nne baada ya kumezwa, basi njia rahisi ni asikimeze alfajiri siku ya boti. Akimeze akishafika na kutulia. Kukichelewesha saa chache siku moja si sawa na kukiacha. Akikiacha, halafu akala mlo wa chumvi nyingi, kesho yake miguu na presha vyote vitawajibu. Amlodipini na metformini azimeze kama kawaida, metformini pamoja na chakula.

Dawa ninazoziogopa zaidi safarini ni zile zisizo kwenye cheti. Mtu akichoka na basi, mgongo unauma, jirani wa kiti anamgawia diklofenaki. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na kwa mtu aliyekaushwa na dawa ya kukojoa na jua zinaweza kuziumiza figo vibaya. Kama ana maumivu, parasetamoli. Vivyo hivyo vidonge vya kichefuchefu cha boti: vingi vyake vinaleta usingizi, na baadhi vinaongeza kizunguzungu. Akae katikati ya boti, sehemu ya chini, hewani kama inawezekana, atazame mbali. Akilazimika kumeza, aulize mfamasia akimwonyesha dawa zake zote, na masaji isifuate papo hapo.

Turudi kwenye ganzi.

Sukari ikikaa mwilini miaka kadhaa huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia kwenye ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni mwa miguu. Mgonjwa huanza kwa kusema "nasikia ganzi usiku", "nasikia kama natembea juu ya pamba". Anachopoteza hapo ni taarifa. Nyayo haimwambii tena kwamba hapa pana moto, hapa pana kitu chenye ncha. Nimewatibu watu walioungua miguu kwenye beseni la maji ya moto ambalo wao wenyewe walilipima kwa miguu hiyo hiyo wakaridhika nalo. Kidonda kama hicho kwa mwenye sukari hupona taratibu, hupata vijidudu kirahisi, na baadhi huishia kwenye kukatwa kidole au mguu. Sikuambii hili kukutisha. Nakuambia kwa sababu siku yenu ya ufukweni imejaa mitego ya nyayo.

Masaji ya mawe ya moto: hapana. Chagueni ya mafuta ya kawaida, na saa moja inatosha. Beseni la kuloweka miguu kabla ya kusuguliwa: wewe ndiye utie kiwiko chako kwanza, maji yawe vuguvugu. Asikatwe sugu kwa wembe wala asiwekewe dawa ya kuyeyusha sugu. Mchanga mweupe wa Paje, kwa kuwa umetokana na matumbawe, hauchomi kama mchanga mweusi, lakini vigae vya bwawa, ngazi za saruji na sakafu za mbao saa saba mchana vinaunguza. Avae viatu muda wote, hata majini, vile vya mpira vinavyofunika vidole na kushika kisigino. Ndara zinachukuliwa na mawimbi. Ndani ya maji kuna vipande vya matumbawe, na kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu ambavyo mtu mwenye nyayo zima akivikanyaga anapiga kelele, na mwenye ganzi huenda akavikanyaga akaendelea na safari yake. Jioni, kabla ya kulala, mmoja wenu amkague nyayo na katikati ya vidole kwa taa nzuri. Mkiona mwiba, lengelenge au mkwaruzo, msisubiri mpaka mrudi Dodoma.

Bahari yenyewe ya Paje nayo ina tabia zake. Pwani ile ya mashariki ina mwamba mbali huko mbele, na maji yakipwa yanakwenda mbali mno, mtu anatembea mguu kwa mguu mamia ya mita kwenye madimbwi na mashamba ya mwani. Wageni wengi hulipia hoteli wakakuta hakuna bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa yamepwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi na hujaa alasiri, saa kumi au kumi na moja. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hubadilika, yanajaa asubuhi na hayaendi mbali. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe tazameni mwezi, au mpigie mtu wa hapo hotelini umwulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Mimi ningechagua siku ya bamvua: asubuhi kivulini, bahari saa kumi jua likiwa limelegea. Kama mnataka bahari isiyowakimbia, Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini zinaathirika kidogo zaidi.

Mama akiingia, maji yasizidi kiuno, na mmoja wenu awe ubavuni mwake, si kwenye mchanga na simu. Mwili ukizama, maji yanausukuma na kurudisha damu ya miguuni kifuani. Figo hujibu kwa kutengeneza mkojo, ndiyo maana atataka choo mapema. Akitoka ule msukumo unaondoka ghafla na damu inarudi miguuni. Atoke polepole, akae kwanza.

Jua nitalipita haraka. Ngozi nyeusi inampa kinga fulani, si kinga kamili, na dawa yake ya kukojoa ni miongoni mwa zile zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuumia kwa jua. Kuanzia saa nne hadi saa kumi awe chini ya kivuli, kofia pana, miwani, na mafuta ya kukinga jua usoni na mikononi.

Badala ya sauna na mawe ya moto, muulizeni mwenye hoteli kama wana singo. Wengi wa Unguja wanayo. Ni ule msuguo wa maua na viungo, asumini, mlangilangi, mawaridi, karafuu, ambao bibi harusi wa Kizanzibari husingwa na somo wake, yaani kungwi, siku za kuelekea ndoa. Hauna joto, unanukia, na mama atarudi Dodoma na hadithi nzuri kuliko ya kukaa kwenye chumba cha mbao akitoka jasho. Wajaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, maana karafuu huwasha baadhi ya ngozi. Na akitaka kupambwa, hina ya kawaida nyekundu haina neno. Piko nyeusi akatae. Ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuwasha na kuacha malengelenge na kovu, na kwa miguu ya mwenye sukari sitaki hata kuifikiria.

Siku yenyewe ningeipanga hivi. Mfike Unguja siku moja kabla, mlale, maana kutoka kwenye boti na kwenda moja kwa moja kukandwa si kupumzika. Asubuhi apimwe presha akiwa amekaa na kutulia dakika tano, kisha apimwe tena baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi aliposimama, siku hiyo ni ya kivuli, maji ya kunywa na singo tu. Apate kifungua kinywa, anywe maji kidogo kidogo, asisubiri kiu. Kwa umri wake kiu huchelewa. Saa nne masaji au singo. Chakula cha mchana kisiwe kizito, kisha alale saa moja chini ya feni. Dafu moja ni zuri kwake: lina potasiamu nyingi, na dawa yake ya kukojoa humpotezea potasiamu. Lakini kama daktari alishawaambia figo zimechoka, au amebadilishiwa dawa akapewa losatani, enalaprili au spironolaktoni, muulizeni kwanza, maana hizo huzuia potasiamu isitoke. Juisi za ukwaju na embe zilizotiwa sukari apunguziwe. Saa kumi bahari. Magharibi mmetoka.

Ahirisheni kama presha ya asubuhi ni 180 au zaidi kwa juu, au 120 kwa chini, hata kama anajisikia mzima. Mpimeni tena baada ya kupumzika, na ikibaki hapo aonwe na daktari. Ahirisheni kama ameharisha au kutapika siku hizo, na msimpe metformini wala dawa ya kukojoa kabla ya kuzungumza na mtabibu. Ahirisheni kama ana kidonda mguuni, maumivu ya kifua, au anakosa pumzi akitembea.

Mkiwa hotelini, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikatika, msimpe maji wala kidonge, msimkande; gari. Vivyo hivyo kifua kikimbana, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili unachemka. Huyo wa joto mwondoeni juani, mmwagieni maji, mpepeeni, na mwendelee kumpoza njiani. Kutoka Paje, hospitali ya Makunduchi iko karibu kuliko ya mjini. Mnazi Mmoja iko mjini, safari ya kama saa moja kwa gari. Mkienda Nungwi, iliyo karibu ni Kivunge. Siku mnapofika, mwulizeni mtu wa mapokezi gari la dharura liko wapi na dereva wake analala wapi. Akibabaika kujibu, tafuteni teksi mapema na mchukue namba ya simu.

Kabla ya hayo yote, mrudisheni kliniki angalau wiki mbili kabla ya safari. Mwambieni daktari wake kuhusu ganzi, kwa sababu nadhani mama hajamwambia. Wengi huona ni uzee. Amguse nyayo kwa ule uzi maalumu wa kupimia hisia, apime figo na potasiamu, aangalie kama sukari imekaa vizuri miezi ya karibuni, aamue kama 148 inataka dawa kuongezwa au kubadilishwa. Dawa ikibadilishwa, ibadilishwe wakati huo, si siku mbili kabla ya boti. Na kipimo cha nyayo afanyiwe hata kama michango haitatosha na Zanzibar ikasogezwa mpaka mwakani.